Kwa nini kila mhudumu anasema "dakika tano"? Wenye migahawa naomba uzoefu wenu

#1 Mama Kisamvu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina mgahawa Morogoro mjini: meza nane, wahudumu wanne, wapishi wawili na kijana wa chipsi. Kuna jambo linaniumiza, naomba tusaidiane.

Jumatano iliyopita, saa saba mchana, waliingia watu sita wa ofisi ya jirani. Ni wateja wangu wa karibu kila siku. Wakaagiza ugali samaki nne na wali kuku mbili. Binti akawaambia "dakika tano tu." Wakati huo samaki ndiyo kwanza wanaparuliwa magamba. Saa saba na robo wakauliza, akajibu "dakika tano." Saa saba na nusu wakauliza tena, akajibu "inakuja sasa hivi." Saa nane kasorobo wakanyanyuka wote sita. Mmoja wao, mtu mzima na mpole sana, akapita kaunta akaniambia: "Mama, tungeambiwa nusu saa tungekaa, au tungekula wali maharage uliokuwa tayari. Sasa tunarudi kazini na njaa."

Hawajarudi tena. Binti nilipomuuliza hakubisha wala hakujitetea. Alisema tu, "Mama, kila nilikofanya kazi tunasema hivyo."

Nimekaa nikawaza, na kweli mimi mwenyewe nikienda kula kwa watu naambiwa hivyohivyo. Hii dakika tano inatoka wapi? Na mhudumu afundishwe kusema nini badala yake?

#2 Kaunta ya Tabata

Inatoka kwako, mama. Usinielewe vibaya, na mimi nimeendesha mgahawa miaka sita. Mhudumu anamwogopa mwenye mgahawa kuliko anavyomwogopa mteja. Akisema "dakika arobaini" mteja akaondoka, wewe utamuuliza "umemwambia nini mpaka ameondoka?" Akisema "dakika tano" mteja akaondoka baada ya dakika arobaini, lawama inaenda jikoni. Binti amechagua jibu ambalo halimwangukii yeye. Jikumbushe ulisema nini kwenye kikao chako cha mwisho na wahudumu.

#3 JikoLaMkaa

Mimi ni mpishi, mwaka wa kumi na moja sasa. Kaunta ya Tabata amesema kweli kidogo ila shina la tatizo halipo hapo. Mhudumu HAJUI. Anasema tano kwa sababu hana namba nyingine.

Angalia inavyokwenda. Saa saba mchana anakuja mlangoni anapiga kelele, "Samaki wangu vipi?" Mimi nina kikaango kinachobeba samaki wanne, wapo ndani, na oda tatu zinasubiri mafuta hayohayo. Wahudumu watatu wamesimama, kila mmoja anauliza chake. Nawajibu wote neno moja: "Inakuja." Sasa yule anarudi mezani na "inakuja," na mezani neno hilo linageuka kuwa dakika tano.

Tena mkaa si gesi. Mkaa ukipungua nguvu katikati ya kukaanga, inabidi nitoe kikaango, niongeze, nipepee, nisubiri mafuta yapate moto tena. Ukilazimisha, samaki anakunywa mafuta na anang'ang'ania chini. Kwa jiko langu samaki mbichi wa kuparua, kukata, kutia chumvi na ndimu, kukaanga hadi akauke vizuri, hapungui dakika thelathini hata niwe peke yangu na oda moja. Chipsi nilizokwisha kupitisha mafuta mara ya kwanza asubuhi zinatoka mapema. Maharage niliyoloweka usiku na kuchemsha alfajiri yanatoka muda uleule. Kuku wa kienyeji asiyechemshwa mapema, usimwahidi mtu.

Mhudumu angejua haya asingesema tano. Lakini nani amewahi kumleta jikoni asimame siku nzima akaona?

#4 Mwana wa Pangani

Wapishi na wenye mali mnalaumiana, mie naona ni lugha. "Dakika tano" kwetu si hesabu. Ni kama "karibu." Maana yake "usiondoke, sijakusahau." Sikilizeni tunavyoongea: mtu hasemi "hapana," anasema "bado." Ukiuliza gari limefika, "bado kidogo." Ukiuliza fundi amemaliza, "namalizia." Kumwambia mtu mwenye njaa "nusu saa" usoni mwake ni kama kumfukuza. Binti yule ana adabu, hakuwa anadanganya.

#5 Kaunta ya Tabata

Mwana wa Pangani, adabu gani hiyo inayomrudisha mtu kazini na njaa?

#6 Mwana wa Pangani

Nimeeleza sababu, sikusema ni vizuri.

#7 Abiria wa Kudumu

Nasafiri Dar–Mbeya kila mwezi kwa basi. Kondakta anasema "dakika kumi, kula na kuchimba dawa," na watu hamsini wanakula kweli wanamaliza. Kwa nini? Kwa sababu pale vyakula ni vinne na vyote vimeshaiva. Mama Kisamvu una vyakula vingapi kwenye orodha yako? Nimeona migahawa ina vyakula thelathini kwenye karatasi yenye plastiki na ukiuliza ishirini "imeisha." Mteja anasoma, anachagua, anaambiwa imeisha. Anachagua kingine, imeisha. Mwisho anauliza mwenyewe, "Sasa kipo nini?" Si bora angeambiwa hivyo tangu alipokaa?

#8 Mama Kisamvu (mleta uzi)

Asanteni. Nimehesabu sasa hivi: ishirini na sita. Vinavyopatikana kila siku ni tisa.

Na Kaunta ya Tabata, umenigusa. Mwezi wa kwanza niliwaambia wahudumu, maneno yangu haya: "Mteja akiondoka mezani kwako bila kula, utanieleza mimi." Sikufikiri lingezaa hili.

#9 Kibokoni Mkahawani

Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu mteja akiketi, kabla ya kumuuliza ataka nini, mhudumu amtajia kilicho tayari: "Karibu. Tayari kuna pilau, wali wa nazi na maharagwe, samaki wa kupaka. Vya kupikwa sasa ni vya nusu saa." Akishasikia hivyo ajichagulia mwenyewe, mwenye haraka na asiye na haraka. Hakuna anayedanganywa.

Ijumaa biriani yangu yaisha mapema baada ya swala. Niliona watu waingia, wanawa mikono, waketi, ndipo waambiwa imekwisha. Wakasirika, na ni haki yao. Siku hizi sufuria ikibaki sahani kumi, kijana afuta biriani ubaoni nje, na zile kumi zauzwa kwa walio ndani. Tangu hapo ugomvi wa Ijumaa umepungua sana.

Jambo jingine: nilimwajiri mpishi kutoka Tanga, mzuri sana. Mteja wa Nairobi akaagiza chapati na "ndengu." Mpishi akampelekea dengu. Mteja alikuwa ataka zile za kijani, ambazo nyinyi huko mwaita choroko. Dengu kwenu ni zile kubwa za manjano. Wote wawili walikuwa na haki.

#10 JikoLaMkaa

Kibokoni, na "mboga" je? Mkenya akiniuliza mboga nafahamu anataka majani. Kwetu bara ukiuliza "mboga gani?" unaweza kujibiwa nyama, dagaa, maharage, chochote kinachosindikiza ugali.

#11 Muuguzi Mbeya

Hapo kwenye maneno ndipo mimi naomba msipite haraka.

Mteja akisema "sili nyama," wahudumu wengi wanajibu "basi kuku?" Kwa sababu nyama kwetu ni ya ng'ombe au mbuzi, kuku ni kuku, samaki ni samaki. Lakini aliyesema pengine hali chochote chenye damu, au yuko kwenye Kwaresima, au daktari amemkataza nyama nyekundu tu. Hao ni watu watatu tofauti na kila mmoja ana jibu lake. Mhudumu aulize: "Kuku na samaki unakula?" Sentensi moja tu. Halafu maharage yaliyoungwa kwa mchuzi wa nyama yatajwe hivyo. Samaki naye atajwe jina. Msabato hali kambale, ukimwambia "samaki yupo" hujamwambia kitu, mwambie sato au sangara.

Kubwa zaidi ni mzio. Mama Kisamvu, jina lako lenyewe limenifanya niandike. Kisamvu na mchicha kwa karanga ni chakula kizuri sana, na kuna watu karanga inawafunga koo. Nimempokea kijana wodini, midomo imevimba, pumzi inapiga filimbi. Aliuliza mgahawani, "Hii ina karanga?" akajibiwa "haina." Aliyejibu hakwenda jikoni kuuliza. Alijibu kwa sababu swali liliulizwa na jibu lilihitajika, ileile "dakika tano" ya mleta uzi. Kijana alipona. Lakini wafundisheni wahudumu wenu maneno haya: "Sijui, ngoja nikamuulize mpishi." Na mpishi naye aulizwe kuhusu upawa, kwa sababu upawa uliotoka kwenye kisamvu ukaingia kwenye maharage umebeba karanga.

#12 Mama Kisamvu (mleta uzi)

Muuguzi, asante. Hili nitaanza nalo kesho asubuhi kabla ya hizo dakika.

#13 Mpishi wa Sherehe

Nipo Arusha, napika kwa oda. Nami niongeze la saa. Mratibu mmoja wa mkutano aliniandikia WhatsApp: "Chakula watu 40, saa 7." Nikapeleka saa saba mchana, wali, ndizi nyama, kuku, matunda, kila kitu cha moto. Ukumbi umefungwa. Yeye alikuwa mgeni anayejifunza Kiswahili, alihesabu kwa saa ya kwao, 7 ya jioni, akaandika "saa 7." Alimaanisha saa moja jioni. Chakula cha watu arobaini nikakaa nacho kwenye gari saa sita nzima, nikapika upya nusu yake kwa hela yangu. Saa zetu zinachelewa saa sita na wageni hawajui.

#14 Mwana wa Pangani

Pole sana. Ila niweke sawa, saa zetu hazichelewi. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, ndiyo maana saa moja ni mwanzo wa mchana. Waganda kwa Kiganda wanahesabu hivyohivyo, na Ethiopia pia. Hesabu yetu inafuata mchana wenyewe.

#15 Mpishi wa Sherehe

Sawa mkuu, nimekosea neno, hasara ilikuwa ileile. Sasa hivi oda yoyote najibu hivi: "Nimepokea. Watu 40, Alhamisi, saa 7 mchana (13:00). Nijibu NDIYO." Bila hiyo NDIYO sinunui hata kitunguu. Na oda ya simu ya mdomo sipokei tena, mtu akipiga namwomba aandike. Wengine wanaona nawasumbua, lakini ujumbe ulioandikwa umeniokoa mara nyingi kwenye ubishi wa idadi.

#16 Sufuria Nne

Wakuu, mnaongea ya wenye meza nane. Mimi nina sufuria nne na benchi mbili pembeni ya gereji. Mteja anaona chakula kwa macho yake, ananyoosha kidole, namimina. Dakika tano sijawahi kumwambia mtu. Shida yangu ni moja: "Mama, nitakupa jioni." Mafundi ni watu wangu, nawapenda, siku gari hazijaingia kweli hawana. Lakini kukopa harusi kulipa matanga. Nikidai mbele ya wenzake ananuna na anahamia kwa mwenzangu. Nikinyamaza mtaji unakwisha. Semeni nimwambieje.

#17 Kaunta ya Tabata

Sufuria Nne, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mbele yake, msomee: "Wali nyama, Jumanne, elfu mbili na mia tano," atie sahihi. Hapo hujadai, umeandika tu. Na weka kikomo kabla hajaanza kukopa, siyo baada. Mimi kwangu ni sahani tatu.

#18 Chuma cha Reli

Dawa ya wadeni ni picha. Jirani yangu anapiga picha zao anaweka status ya WhatsApp, "huyu namdai, hataki kulipa." Wanalipa siku hiyohiyo.

#19 Mtaa wa Sheria

Chuma cha Reli, jirani yako asimamishe hilo leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Picha ya mtu ni taarifa yake. Kenya wako mbele zaidi: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Huyo hata hakuwa mdeni, alikuwa anastarehe tu. Deni la elfu tano linaweza kukuzalia kesi.

#20 Chuma cha Reli

Nimeelewa, nitamfikishia.

#21 Abiria wa Kudumu

Na wale wa kuonyesha ujumbe wa malipo? Lipa namba, anakuonyesha simu, "nimeshatuma," ujumbe ameutengeneza mwenyewe.

#22 Mpishi wa Sherehe

Mfundishe mhudumu aseme hivi kwa wote, tajiri na maskini: "Asante, tunasubiri ujumbe uingie kwetu." Ikiwa ni kwa wote hakuna anayejihisi ameitwa mwizi. Aliyelipa kweli hana neno, kwa kawaida unaingia kabla hajamaliza kunawa. Simu ya lipa namba ikae kaunta, isikae mfukoni mwa bosi aliyesafiri.

#23 Binti wa Sinia

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi ni mhudumu, mwaka wa nne, mgahawa wa pili. Mmetuongelea sana, naomba niseme.

Sababu mlizotoa zote zipo, lakini kuna moja hakuna aliyeitaja. Mteja akiuliza mara ya kwanza anauliza vizuri. Mara ya pili anauliza huku anatazama simu. Mara ya tatu anagonga meza kwa funguo, au anaita "psss," au "wewe!" na meza nyingine zote zinageuka kukuangalia. Hapo huongei tena na akili yako. Unasema chochote kitakachokutoa pale mezani. Tano ndiyo fupi kuliko zote zinazoaminika, ukisema mbili atakwambia lete sasa, ukisema kumi atagomba. Unaenda jikoni, mpishi naye anakufokea. Unasimama kwenye korido katikati, huna pa kwenda.

Hapa nilipo sasa, mama mwenye mgahawa akiona meza imeuliza mara mbili, anakwenda mwenyewe. Anasema, "Samahani wanangu, samaki wenu wamechelewa kwa kosa letu, bado robo saa, niwaletee chai msubiri nayo au niwabadilishie?" Sijawahi kuona mtu akimfokea. Nikisema mimi maneno hayohayo wananifokea. Kwa hiyo maneno ni mazuri, lakini inategemea pia nani anayasema.

Na mkituita, semeni "dada" au "kaka," inatosha.

#24 JikoLaMkaa

Binti wa Sinia, umesema kweli kuhusu korido. Nami nimekuwa nikifoka. Jumatatu nitaongea na wenzangu jikoni.

#25 Kibokoni Mkahawani

Mwanangu, hiyo ya mwenyewe kwenda mezani mie naifuata kuanzia kesho. Na ya chai pia, ila chai ya kwetu ukisema "chai" tu yaja na maziwa. Asiyetaka maziwa asema turungi.

#26 Mwana wa Pangani

Kwetu aulizwe, ya rangi au ya maziwa. Tumerudi kwenye maneno.

#27 Mama Kisamvu (mleta uzi)

Wakuu, narudi baada ya siku kumi, nawaletea nilichofanya.

Orodha nimeichana, sasa ni ubao wenye vyakula tisa, vitano juu vimeandikwa TAYARI na vinne chini vimeandikwa KUSUBIRI. Wahudumu wote wanne wamesimama jikoni siku moja kila mmoja. Yule binti wa Jumatano alitoka akasema hakujua kwamba kikaango ni kimoja. Karanga imepata upawa wake mwekundu. Kile kikao changu cha mwezi wa kwanza nimekifuta mbele yao wote, nimewaambia mteja akiondoka kwa kuambiwa ukweli, hilo ni langu.

Mpishi sasa oda ikifika anataja muda kwa sauti, na mhudumu anapeleka namba hiyohiyo mezani.

Matokeo yamechanganyika. Siku ya kwanza meza mbili ziliambiwa dakika thelathini na tano, zikaondoka papo hapo, roho iliniuma. Lakini meza nyingi zimehamia kwenye vya TAYARI, na wali maharage unaisha mapema kuliko zamani. Tatizo jipya ni wapishi: wameanza kujiwekea akiba, chakula cha dakika kumi na tano wanataja thelathini wasije wakalaumiwa. Mzee mmoja alipoletewa mapema akaniambia, "Mngeniambia kweli nisingeenda kuzungusha gari."

Wale sita nilikwenda ofisini kwao mwenyewe kuomba radhi. Wamerudi wanne. Wanapiga simu saa tano na nusu, wanaagiza, saa saba wanakuta mezani.

#28 Kaunta ya Tabata

Hongera mama kwa kwenda mwenyewe. Ila meza mbili kwa siku ni hela. Mimi ningemwambia binti aseme "kama nusu saa hivi," neno lililo laini, asitaje thelathini na tano.

#29 JikoLaMkaa

Hapana, "kama hivi" ndiyo dakika tano imevaa nguo nyingine. Mpishi abanwe ataje namba ya kweli, na mkaa uongezwe kabla ya saa sita na nusu, usingoje oda zijae.

#30 Binti wa Sinia

Mama Kisamvu, swali moja. Mpishi amesema thelathini na tano, nimewaambia thelathini na tano, wamekubali wamekaa. Sasa dakika ya thelathini na sita imefika, samaki hajatoka, na wewe mama umekwenda sokoni. Mimi pale mezani niseme nini?